Spea Zilizobaki Rafuni

Wakala wa magari anapofunga duka, spea ndizo huwa za mwisho kuondoka. Gari jipya lina bei inayojulikana, lina hati zake, na mji wa pili kuna wakala mwingine atakayelipokea. Spea haina bahati hiyo. Kampuni za magari za Marekani zilikubali kurudishiwa kiasi fulani tu cha vipuri visivyouzika, tena kwa masharti, na kilichozidi kikawa hasara ya wakala. Kwa hiyo duka lililodumu miaka thelathini au arobaini lilikuwa na chumba cha nyuma, au ghorofa ya juu, iliyojaa maboksi ya vitu vya magari ambayo wateja walikwisha kuyauza, kuyagonga au kuyatupa. Siku duka lilipofungwa, chumba hicho kilifungwa kama kilivyo.

Marekani imefunga maduka ya namna hiyo kwa mafungu. Gari la mwisho la Packard lilitoka mwaka 1958. Studebaker ilisimamisha kazi katika kiwanda chake cha South Bend, Indiana, Desemba 1963, na mwaka 1966 ikaacha kabisa kutengeneza magari, wakati huo ikiwa imebaki Hamilton, Kanada. AMC ilinunuliwa na Chrysler mwaka 1987. General Motors iliizika Oldsmobile mwaka 2004. Chrysler yenyewe ilipofilisika mwaka 2009, ilivunja mikataba ya mawakala 789 kwa mpigo mmoja. Hata hivyo, hazina nzuri zaidi hazikutokana na misiba hii mikubwa. Kampuni inapokufa kwa kelele, wanunuzi wa vipuri hufika mapema. Stoo zilizokaa miaka mingi bila kuguswa ni za mzee wa mji mdogo aliyechoka, ambaye watoto wake wamehamia mbali, na ambaye aliona ni rahisi kufunga mlango kuliko kuhesabu mali.

Duka linalotajwa kuliko yote katika habari hizi ni Lambrecht Chevrolet la Pierce, Nebraska, mji wa watu wasiofika 2,000. Lilifunguliwa mwaka 1946, Ray Lambrecht na mkewe Mildred wakaliendesha, na likafungwa mwaka 1996. Lambrecht alikuwa na mazoea ambayo mhasibu yeyote angemkataza. Gari jipya lililokosa mnunuzi mpaka mwaka ukaisha hakulipunguza bei ili liondoke, aliliweka. Gari kuukuu alilopokea kama sehemu ya malipo mara nyingi hakuliuza tena, alilipeleka shambani. Baada ya nusu karne alikuwa na magari yapatayo 500. Kama 50 kati yake hayakuwa na hata maili 20 kwenye dashibodi, na mengine yalikuwa uwanjani, miti imeota kati yake na mingine imepenya ndani ya bodi. Paa la jengo mojawapo liliposhindwa na uzito, magari yaliyokuwa chini yake yaliumia.

Mnada ulifanyika tarehe 28 na 29 Septemba 2013, katika shamba nje ya mji, na maelfu ya watu walifika, mara kadhaa ya wakazi wote wa Pierce. Pikapu ya Chevrolet Cameo ya mwaka 1958, iliyotembea maili 1.3 tu (kama kilomita mbili), ilifika dola 140,000 ingawa paa lake lilikuwa limebonyea. Impala ya 1963 yenye maili 11 na ushei iliuzwa dola 97,500. Mauzo yote yalikaribia dola milioni 2.8. Magari yaliuzwa na vumbi lake, na hilo halikuwa uzembe: vumbi lilikuwa ushahidi kwamba hakuna aliyeyagusa. Magazeti yaliandika habari za magari, lakini mnada huo uliuza pia spea na vitu vya dukani, na somo la pikapu ile iliyobonyea linahusu spea zaidi kuliko magari. Paa lililobonyea huweza kunyooshwa. Kitu kilichotoka kiwandani na ambacho hakijawahi kutumika hakitengenezeki mara ya pili.

Katika biashara hii spea ya aina hiyo ina jina lake, ambalo kwa Kiswahili linaweza kuitwa spea mpya ya zamani: ilitengenezwa na kampuni yenyewe wakati gari lilipokuwa likiuzwa, ikatiwa ndani ya boksi, na haikufungwa kwenye gari lolote. Chini yake kuna spea iliyotengenezwa leo kuigiza ya zamani, kisha spea iliyotumika. Aliyewahi kununua beringi Gerezani au Kirinyaga Road anaijua ngazi hii, orijino juu, ya kuiga katikati, na chini ile iliyochomolewa kwenye gari lililokufa. Tofauti ni kwamba katika magari ya kale ya kuiga mara nyingi haikai sawasawa. Kalibu mpya ilichukuliwa kutoka kwa kipande kilichochakaa, na makosa ya kipande hicho yakarithiwa.

Si kila kitu rafuni kina thamani, na wageni wa kazi ya kuokoa spea hizi karibu wote hukosea upande mmoja: hukimbilia injini. Injini ya V8 ndogo ya Chevrolet ilianza kuuzwa mwaka 1955, na mwaka 2011 General Motors ilitangaza kwamba ya milioni 100 ilikuwa imekamilika. Pistoni, vali na gasketi za injini iliyozaliwa kwa wingi huo zinapatikana mpaka leo, mpya kabisa, kwa bei ya kawaida. Kwa upande wa bodi mambo ni kinyume. Kampuni za Marekani za miaka ya 1950 zilibadilisha sura ya magari kila mwaka ili mteja aone aibu kuendesha la mwaka jana. Chevrolet ya 1955, ya 1956 na ya 1957 zina mwili mmoja, lakini kila mwaka ulikuwa na grili yake na mapambo yake. Bodi ya 1958 ilitumika mwaka huo mmoja tu, kisha ikatupwa. Kwa hiyo ukanda mwembamba wa chuma cha pua kutoka ubavuni mwa Impala ya 1958, kitu ambacho mtoto angeweza kukipinda, unaweza kutafutwa kwa miaka na kushinda bei silinda hedi nzima. Vioo vya taa za nyuma, nembo, fremu za taa za mbele, vishikio vya milango na kitambaa cha viti kikiwa bado kimeviringishwa ndivyo mnunuzi anayejua huviulizia kwanza.

Kabla ya yote kuna suala la mwenyewe. Duka lililotelekezwa si duka lisilo na mwenyewe. Jengo linaweza kuwa la warithi watatu wasioongea, au la benki, au la serikali ya wilaya iliyolichukua kwa kodi isiyolipwa, na bidhaa zilizomo zinaweza kuwa za mtu wa nne. Kinachotakiwa ni maandishi yenye saini ya mtu mwenye haki ya kuuza, yanayotaja kinachouzwa na tarehe ya mwisho ya kukiondoa. Tarehe hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana: warithi wengi huuza kwa sababu jengo linabomolewa, na atakayechelewa wiki moja hukuta tingatinga limemtangulia. Magari yana jambo la ziada. Sheria ya shirikisho ya Marekani inafanya kuwa kosa la jinai kung'oa au kubadilisha bati la namba ya utambulisho wa gari, kwa hiyo hata gari linalokatwa vipande bati lake haliguswi kwa tamaa ya kuliuza peke yake.

Jengo lenyewe huingiwa kwa uangalifu. Maboksi ya spea ni mazito, na maduka ya zamani yaliyapanga ghorofani kwenye sakafu za mbao; paa likivuja miaka kumi, mbao hizo hubaki na rangi yao lakini hupoteza nguvu. Viatu vya breki na sahani za klachi za wakati huo vilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu baada ya miaka mingi, hivyo maboksi yake hayapulizwi kwa upepo wala kufagiliwa. Hulowanishwa na kufungwa kwenye nailoni. Kisha kuna panya. Mwaka 1993, kusini-magharibi mwa Marekani, iligunduliwa aina ya virusi vya hanta vinavyobebwa na panya wa mashambani, na mtu huambukizwa kwa kuvuta hewa yenye vumbi la kinyesi au mkojo wao. Stoo iliyofungwa ni nyumba yao. Milango hufunguliwa nusu saa kabla ya kuingia, kinyesi hunyunyiziwa maji yaliyochanganywa na bilichi, kipimo kimoja kwa kumi, huachwa dakika tano, ndipo hufutwa kwa karatasi. Ufagio unaachwa nje.

Kazi yenyewe huanza na karatasi, na hapo ndipo waokoaji wenye pupa huharibu mali. Kwenye kaunta ya spea ya duka la kale kulikuwa na vitabu vikubwa vya katalogi vilivyofungwa kwa chuma, kadi za hesabu za kila spea, na matangazo ya kampuni yaliyosema namba fulani imebadilishwa kuwa namba nyingine. Bila vitabu hivyo, bakuli la chuma ndani ya boksi lisilo na picha ni bakuli la chuma tu. Vikiwapo, ni kifuniko cha gurudumu la nyuma la pikapu ya miaka miwili fulani. Raf hupigwa picha kabla ya kuguswa, kila safu kwa zamu yake, kwa sababu mpangilio nao ni habari: karani aliweka pamoja vitu vya jamii moja, na boksi lililoliwa na panya mpaka namba ikapotea huweza kutambuliwa kwa majirani zake.

Boksi la General Motors la miaka hiyo hubeba namba mbili. Moja ni namba ya spea, ndefu, isiyo na maana yoyote ndani yake. Nyingine ni fupi, ina nukta katikati, nayo hutaja kundi la spea: ya umeme, ya breki, ya bodi. Karani alipanga raf kwa namba ya kundi na kutafuta kwa namba ya spea. Mwokoaji anayefuata utaratibu huohuo humaliza siku mbili kazi ambayo mwenzake ataifanya wiki mbili. Boksi haliondolewi hata likiwa limechanika. Lebo haifutwi kwa maji. Spea iliyotolewa kwenye boksi lake ikatupwa ndani ya ndoo pamoja na nyingine imepoteza sehemu kubwa ya bei yake, maana kilichokuwa kinauzwa ni uhakika, na uhakika ulikuwa umeandikwa kwenye karatasi ile ya kahawia.

Vitu vizito havina boksi, lakini vina maandishi yake, yaliyochongwa kwenye kalibu na kutokea juu ya chuma kilipomiminwa. Kwenye bloku ya injini ya V8 ndogo ya Chevrolet, ukingo wa nyuma, pale inapoungana na giaboksi, kuna namba ya kalibu na tarehe. Mafuta na matope hukwanguliwa kwa kipande cha mti na kusuguliwa kwa brashi ya waya, kisha chaki hupakwa juu na kufutwa kidogo ili herufi zijitokeze. Yakisomeka C 14 7, herufi ni mwezi, A ikiwa Januari, kwa hiyo hii ni Machi. 14 ni siku. 7 ni tarakimu ya mwisho ya mwaka. Ni 1957 au 1967? Tarehe haisemi, na ni namba ya kalibu inayoamua. Namba nayo peke yake haitoshi. Bloku yenye 3970010, mojawapo ya zinazoulizwa sana, iliendelea kutengenezwa kwa takriban miaka kumi kuanzia 1969, na anayefufua gari la 1970 hataki ya 1978. Maandishi hayo mawili husomwa pamoja au yasisomwe kabisa.

Kinachofuata ni kupima miaka imefanya nini. Mpira ndio hushindwa kwanza. Sili, mabomba ya maji na vikombe vya ndani ya masta silinda ya breki huwa vigumu kama ganda hata vikiwa havijawahi kuguswa na mafuta, kwa hiyo masta silinda mpya ya mwaka 1960 haifungwi kwenye gari kabla ya kufunguliwa na kuwekewa mipira mipya. Gasketi ya koki husinyaa. Ikilazwa juu ya kifuniko chake, matundu hayafikii bolti tena, ingawa kuilaza mahali penye unyevu usiku mmoja huirudisha baadhi ya nyakati. Beringi huwa nzima, lakini grisi yake imegeuka kuwa kama gundi: huoshwa, hukaushwa bila kuzungushwa kwa upepo, hupakwa grisi mpya. Kabureta iliyokaa ndani ya boksi lake inahitaji gasketi tu. Iliyotolewa kwenye gari lenye petroli ndani huwa na utando wa rangi ya chai uliokauka kwenye kila kijitundu, na kuloweka ndiyo dawa.

Kifuniko cha distributa huinuliwa kuelekea mwanga wa dirisha na kuzungushwa taratibu: ufa mwembamba kama unywele huonekana kwanza kama mstari unaong'aa. Taa hujaribiwa kwa betri, na hapa kuna mtego mdogo uliokwisha kuunguza vitu vingi vizuri. Magari madogo ya Chevrolet yalihamia volti 12 mwaka 1955. Ya kabla ya hapo ni ya volti 6. Balbu iliyosubiri miaka sabini ikishikizwa kwenye betri ya leo huwaka vizuri sana kwa sekunde moja.

Vitu vinavyong'aa hugawanyika mara mbili, na kuvitenganisha kunahitaji sumaku na jicho. Chuma cha pua huweza kunyooshwa kwa nyundo ndogo juu ya mbao na kusuguliwa mpaka kirudi, hata kama kimekanyagwa. Zinki iliyopakwa kromu, ambayo ndiyo hufanya nembo nyingi na fremu za taa, huota vipele vinavyotoka ndani kwenda nje. Hakuna kusugua kutakakoviondoa. Kila kipele huchimbwa, hujazwa shaba, na kipande chote hupakwa kromu upya kwa gharama ambayo mara nyingi huzidi bei yake. Kutu nyepesi juu ya kromu nzuri ni jambo jingine, karatasi ya alumini iliyokunjwa na kuloweshwa maji huiondoa bila kukwaruza. Vioo vya mbele vya tabaka mbili hupauka pembeni unyevu unapoingia kati ya tabaka.

Magari yaliyolala nje yana kazi yake. Kung'oa ukanda wa pambo ubavuni kwa bisibisi kutoka mbele ni njia ya hakika ya kuupinda. Fundi mwenye subira huingia kwa nyuma, ndani ya mlango au chini ya madigadi, anakopata nati ndogo na vibanio vilivyoganda. Huvitia mafuta ya kupenyeza leo, kesho na kesho kutwa, huvipasha moto kidogo pale pasipo na rangi wala kitambaa, na nati ikikatika hiyo ni sawa, kwani nati inauzwa popote. Pale inapobidi kutoka mbele hutumia kabari ya mti au plastiki na kusogea sentimita chache kwa wakati, akirudi mwanzo kila mara ili ukanda uinuke wote kwa pamoja. Injini iliyokwama haizungushwi kwa nguvu: plagi hutolewa, mafuta humiminwa ndani ya kila silinda, na hupewa wiki. Mti uliopenya kwenye bodi hukatwa juu na chini, na kipande cha katikati huachwa mpaka gari lifike mahali pa kufanyia kazi, kwa sababu mara nyingi mti huo ndio unaoshikilia kilichobaki cha sakafu.

Usafi ni jambo la kujizuia. Spea mpya ya zamani husafishwa vumbi kwa brashi laini na kuishia hapo, hata rangi nyeusi ya kiwandani ikiwa imepauka, hata alama ya chaki ya mkaguzi ikionekana kama uchafu. Wapo wanunuzi wanaonakili alama hizo kwenye magari yao, na aliyefuta ya asili amewafutia kielelezo. Chuma kilichotumika huruhusu zaidi: kuloweka kwenye dawa inayokula kutu bila kula chuma, kukausha, kisha mafuta mepesi na karatasi yenye nta.

Kuuza kuna njia mbili. Mnada humaliza stoo kwa siku moja au mbili na hufaa pale jengo linapobomolewa au warithi wanapogombana. Kasoro yake ni kwamba spea huuzwa kwa mafungu ya raf nzima, na nembo adimu huondoka pamoja na mabomba ya maji yaliyokauka. Kuuza moja moja kwa vyama vya wapenzi wa gari fulani huleta fedha nyingi zaidi, lakini ni kazi ya miaka, inayohitaji stoo nyingine kavu na mtu wa kujibu barua. Wengi huchanganya: vitu vya mwaka mmoja na vioo vya taa huondolewa kwanza na kuorodheshwa, vilivyobaki hupelekwa kwa dalali. Katalogi na kadi za kaunta huuzwa mwisho, baada ya kuwa zimefanya kazi yake, na huwa na wateja wao. Raf za chuma pia zina wateja, gereji za jirani huzichukua kabla hazijapoa.

Kinachosalia ni mabomba, mikanda na viatu vya breki visivyofaa, pamoja na vyuma visivyotambulika. Chuma hupimwa kwa tani na kwenda kuyeyushwa. Asbesto hupelekwa kwenye jaa lenye kibali, ikiwa imefungwa nailoni mbili na kuwekewa lebo. Matairi ya zamani hayatakiwi na mtu wa chuma chakavu, na jaa hutoza kila moja. Kwenye stoo yenye matairi mia mbili, hiyo ndiyo gharama ya kukata mapema kutoka kwenye bei anayopewa mwenye jengo.